Embe la Dirishani

Mtunza chumba cha baridi hana imani na kipimajoto. Kila asubuhi hukigonga kwa ukucha, hukisoma, kisha huingia na kubandika shavu lake kwenye maembe, kama mama anayepima homa ya mwanawe. Katika kila shehena hutoa embe moja na kuliweka dirishani kwenye joto, maana baridi ikizidi embe huumia kimya kimya; madoa hujitokeza likishatoka nje. Juma lililopita, aliporudi baada ya siku nne za kuuguza mgonjwa nyumbani, alikuta kipimo kimeshushwa kutoka nyuzi kumi na tatu hadi sita. "Nimeyaongezea baridi ili yadumu, shemeji," mwenye mali alimwambia, kifua mbele. Tangu hapo roho ya mtunza iko juu juu, na kiti chake kimehamia dirishani, kando ya embe alilolitoa siku hiyo.

Leo mnunuzi analigeuzageuza embe la chumbani, gumu, linalong'aa. "Haya ndiyo maembe! Pakieni." Mwenye mali anacheka. Mtunza anapangusa mikono mikavu kwenye aproni, mara mbili, mara tatu. Kisha analifuata embe la dirishani, lililojaa madoa meusi, na kumwekea mnunuzi kiganjani.

"Na hili," anasema, "ni la tumbo moja na hayo."