Chungwa la Nyambura

Hata leo, mtu akimenya chungwa karibu nami, wivu wa darasa la saba hunirudia. Ndiyo, wivu. Nyinyi si wageni, sina haja ya kuwaficha.

Nyambura, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa kipenzi cha mwalimu wetu wa jiografia. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mwalimu alitupeleka Mto Ragati kupima kasi ya maji. Tulipima hatua hamsini ukingoni, tukapigilia kigingi huku na kigingi kule. Kila mmoja alileta kitu cha kuelea, tuone kipi hakidanganyi. Mwenye njia bora angevaa saa ya mwalimu mpaka jioni. Saa ya mkono, jamani! Niliiota wiki nzima.

Nilileta gunzi la mahindi. Nyambura alileta chungwa.

"Gunzi ni nyepesi, upepo itaisukuma," alisema. "Chungwa inazama nusu, inaenda na maji. Halafu naidaka pale kigingi ya pili."

"Huyu ana akili!" mwalimu akasema.

Ai, roho iliniuma! Wenzangu walipokuwa wakinyoosha kamba kati ya vigingi, nililitoa chungwa kikapuni mwake, nikajificha kwenye matete, nikalila lote na mbegu zake.

Nyambura alipekua kikapu, akakifunika tena. Gunzi langu likatupwa majini. Upepo ulikuwa ukipanda bonde, nalo likasita, likazunguka, likarudi nyuma kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni.

"Ati Ragati inapanda mlima!" mwalimu akacheka, na saa akamvisha Nyambura, chungwa au hakuna chungwa.

Mchana tulikula viazi vitamu, kila mtu alivyotoka navyo nyumbani. Nyambura aliketi kando, akiitazama ile saa kila mara. Anaringa, nikajiambia, na kiazi changu nikakitafuna kwa hasira.

Miaka mingi baadaye, mimi na Nyambura tulikutana mjini Sagana, sote tukiwa na wajukuu. Kwa aibu, nikamwambia ukweli. Alicheka sana.

"Nilijua. Mikono yako ilinukia dawati yote," akasema. "Lakini hiyo ndiyo ilikuwa lunch yangu, wewe. Nyumbani hakukuwa na kitu ingine mpaka mama atoke shamba saa kumi na mbili."

Saa kumi na mbili. Kumbe hakuwa akiringa na saa ile. Alikuwa akihesabu.