Tochi ya Mkunga

Nina ugomvi wa siku nyingi na maandishi ya kwenye boksi za tochi. Boksi inakuambia lumeni elfu kumi, picha inaonyesha mlima mzima umemulikwa, halafu ukiifungua unakuta taa ya LED ndogo kama punje ya ulezi, na betri ambayo nusu yake ni mchanga, umetiwa humo ili mkono ukiipima uone uzito. Mchanga, wallahi. Nimeumwaga mwenyewe juu ya meza yangu. Mtu amekaa huko kiwandani kwake akafikiri jinsi ya kunidanganya mimi, fundi redio wa mtaa wa Cibitoke, na hilo hunitia hasira mpaka leo.

Kwa hiyo nilianza kuzipima. Nilichukua katoni, nikaibandika karatasi nyeupe ndani yote, nikatoboa matundu mawili: tundu moja la tochi, tundu jingine la simu yenye programu ya kupima mwanga. Namba za simu sikuziamini sana, lakini nilikuwa nalinganisha tochi na tochi, na hapo hakuna wa kunidanganya. Baada ya mwanga nilikuwa napima joto. Naiwasha, naishika mkononi dakika kumi kwa saa ya ukutani. Dakika kumi zikiisha na mkono haujalalamika, tochi imepita. Hizo dakika kumi nilizitoa wapi? Kichwani mwangu tu. Hakuna aliyenifundisha, na mimi si mtu wa kuuliza.

Kutoka kupima nikahamia kurekebisha. Tochi rahisi ya sokoni ukiijua ndani ina mambo mengi ya kuboresha. Springi ya nyuma hula umeme, basi unalehemu waya wa shaba juu yake ili umeme upite bila shida. LED unaibadilisha, unaweka kubwa zaidi, na chini yake kipande cha shaba cha kuvuta joto. Betri ya mchanga unatupa. Mimi nilikuwa natoa betri kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa: ukipasua ganda unakuta vijibetri sita vya duara, na katika sita unaweza kupata vitatu vyenye uhai.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililokuja kuninyima usingizi. Tochi zile nzuri kidogo zina kisahani cha umeme ndani ambacho kinapunguza mwanga zikianza kupata moto. Wateja wangu walikichukia kabisa. Makanika yuko chini ya lori, mwanga unafifia wenyewe, anatoka huko na mafuta usoni anakuja kunitukana mimi. Nikawa nakiondoa. Umeme ukawa unatoka kwenye betri unaingia kwenye taa moja kwa moja, na tochi ya bei ya chini inapiga ukuta wa mbali mpaka watu wanageuka. Nilijiona bingwa.

Mke wangu ni mkunga. Anafanya kazi kwenye kituo kidogo cha afya huko juu, ukishaipita Kamenge. Miezi ile mji mzima ulikuwa hauna mafuta, magari yamelala kwenye foleni za vituo, na jenereta yao ilikuwa imekaa kimya kwa sababu hiyo hiyo. Umeme ukikatika walikuwa wanamulika kwa simu ya ndugu wa mgonjwa. Nilimtengenezea tochi bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nayo haina kisahani, nikampa na maneno mengi juu yake. Kila mgeni aliyeingia kwetu nilimwambia: mke wangu pale kazini ana tochi ambayo hata daktari hana.

Jumapili moja mchana nikamkuta ameinama nyuma ya kabati, mikono yote miwili imeinua gunia la mchele, anatafuta panya. Tochi ilikuwa mdomoni. Ameing'ata kwa nyuma, pale kwenye kifuniko.

"We mama," nikamwambia, "ile ni mashine, si muwa."

Akaitoa mdomoni akacheka. "Kazini ni hivi hivi. Mikono mbili iko na kazi, toroshi inakaa mu meno. Sisi wote."

Na mimi nikacheka. Sikufikiri lolote, nilicheka tu, nikaenda kukaa.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya juma. Nilikuwa nimetengeneza ya pili, pacha wa ile, kwa ajili ya makanika mmoja wa Mutakura. Mwili ule ule, LED ile ile, na betri iliyotoka kwenye ganda moja na ile ya mke wangu. Adhuhuri ilipofika nilikuwa naipima joto. Nikafikiri, kwa nini nikae naishika? Nikaiacha inawaka juu ya meza nikaenda kuswali. Baada ya swala nikasimama na watu tukaongea habari za mafuta, si unajua maongezi yanavyovutana, ikafika kama dakika arobaini.

Niliporudi watu wa mtaa walikuwa wanainuka kutoka chini wanajipangusa vumbi. Watu wa hapa mlio kama wa bunduki wanaujua, hujitupa chini, hawasubiri maelezo. Mshonaji wa jirani yangu, mwanamke mtu mzima ambaye hana maneno mengi, alinionyesha kwa kidole.

"Papa, njoo uone kitu yako."

Mwili wa tochi ulikuwa bado mezani, mweusi, unatoa moshi wenye harufu ya dawa. Kifuniko cha nyuma hakikuwepo. Kilikuwa kimevuka barabara ya vumbi na kuingia kwenye ubao wa mlango wa duka lake, kimezama nusu. Nilijaribu kukitoa kwa vidole nikashindwa.

Nikasimama pale nakiangalia. Halafu nikaona meno ya mke wangu. Yaani niliyaona kabisa, yameng'ata pale pale, kwenye kifuniko, na nyuma ya kifuniko koo lake.

Nilipiga simu. Inaita, haipokelewi. Wakunga wakiwa kazini huacha simu kwenye droo, hiyo ni sheria yao na mimi naijua, lakini nilipiga tena na tena kama mwendawazimu. Upande wa milima mbingu ilikuwa imefunga, mvua inakuja, na feni ya mshonaji ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika. Nikajua kwamba na kule juu umekatika, na kwamba yeye sasa hivi anaitafuta tochi yangu.

Gari hakuna. Nilimsimamisha mwendesha baiskeli, nikapanda nyuma, na njia yote nilikuwa namwambia kaza, kaza. Nilikuwa nahesabu. Dakika kumi mkononi, kwenye upepo, mkono una damu inayozunguka na kuipoza tochi. Mdomoni je? Arobaini kwenye meza ikalipuka. Kumshona mama aliyechanika akijifungua huchukua muda gani? Miaka yote tumelala kitanda kimoja, sijawahi kumuuliza. Tulipofika mwanzo wa mlima yule kijana akashuka.

"Muzee, hapa tusukume wote. Na mvua hii siwezi."

Nikamwachia nauli nikakimbia. Nina umri wa kukimbia nyuma ya basi tu, si kukimbia kupanda mlima kwenye mvua. Nilisoma kila dua niliyofundishwa, nyingine nikaikatisha katikati kwa kukosa pumzi. Kila kishindo cha radi nilidhani ni kule.

Mlinzi wa kituo ananijua. Hata hivyo alinyoosha mkono. "Papa, apana. Kule kuko mama anashonwa. Mwanaume haingiye."

"Niitie bibi yangu."

"Yeye ndiye anashona."

Nilimpita. Sijawahi kumsukuma mtu mzima maishani mwangu, lakini siku ile nilimsukuma, na baadaye nilimwomba radhi. Chumba cha kuzalia kina pazia mlangoni. Mvua ilikuwa imeleta giza ndani mchana ule, na juu ya dari ilionekana duara ya mwanga mweupe inatikisika kidogo kidogo, jinsi kichwa cha mtu kinavyotikisika akiwa anafanya kazi ya mikono. Mtoto alikuwa analia kwenye pembe. Nikafungua pazia kidogo, macho nimeyaelekeza chini.

"Toa hiyo toroshi mdomoni," nikasema. "Sasa hivi. Itapasuka. Mwenzake imepasuka."

Duara ya mwanga ikashuka ukutani. Nilimsikia anatema kifuniko.

"Umeleta ingine?" akauliza.

Basi hapo ndipo nilipokufa. Kwenye meza yangu kulikuwa na tochi saba zinazowaka, nyingine hazijaguswa, visahani vyake vyote vimo ndani. Nimeivuka Kamenge nzima kuja kumnyang'anya mwanga, na mikononi mwangu sina hata kiberiti.

"Apana," nikasema.

Halafu duara ikarudi mahali pake. Alikuwa ameing'ata tena.

Kutoka kitandani yule mama akasema kwa sauti ya kuchoka, "Papa, ingia umulike. Mi sina haya leo."

Niliingia kinyumenyume. Nikaikuta kwa kupapasa, nikaitoa mdomoni mwa mke wangu, ina mate na ina moto kiasi kwamba vidole vilitaka kufunguka vyenyewe. Nikageukia ukuta, nikaiweka begani, kichwa cha tochi kikiangalia nyuma kwao, kifuniko kikiangalia upande wangu. Kikiruka kitapita shavuni mwangu. Niliona ni sawa hivyo.

"Chini," akasema mke wangu. "Kushoto. Apana, kushoto yangu. Acha hapo. Usitetemeke."

"Sitetemeki."

"Unatetemeka."

Ukuta ule una rangi ya maziwa iliyobanduka, na mimi naujua ukuta ule kuliko ninavyoujua wa nyumbani kwangu. Joto lilipanda. Nilibadilisha vidole, nikashika kwa ncha, nikashika kwa kiganja, nikabana kwa kanzu iliyolowa. Nilijaribu kusikia kama betri inalia ndani, ile sauti ya kuchemka ambayo wenzangu wa kazi wanasema hutangulia, lakini mvua juu ya bati ilikuwa kubwa na mtoto alikuwa analia. Nyuma yangu nilisikia uzi unavutwa, mkasi, uzi unavutwa. Nilitaka kumwambia fanya haraka, na nilijua nikimwambia hivyo atakosea.

"Imeisha," akasema.

Nilitoka mbio mpaka uwanjani, nikafungua kifuniko kwa pindo la kanzu, nikatupa betri kwenye tope mbali na watu. Ikalala pale inatoa mvuke kidogo kwenye mvua. Haikupasuka. Nilisimama nikiiangalia mpaka mlinzi akaja kunivuta chini ya paa.

Mke wangu alitoka baada ya kumweka mtoto kwa mama yake. Alikaa kwenye benchi kando yangu akavua glavu. Nilimweleza yote, kisahani, betri, ubao wa mshonaji. Alisikiliza. Halafu akavuta mdomo wake wa chini kwa kidole akanionyesha. Ndani palikuwa pamebabuka, peupe, kidonda juu ya kidonda cha zamani, umbo la nusu duara.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu juma ya kwanza."

"Na hukuniambia kitu?"

Akaachia mdomo. "Ulikuwa unaisifu kwa kila mutu," akasema. "Nikaona nitazoea."