Mbuzi wa Rangi ya Majivu Kwenye Njia ya Loima

Akina mama wa jumuiya yetu huko Taita, mliniuliza kwenye simu ni wazimu gani ulionipandisha milimani ilhali magoti yangu mnayajua. Wazimu wenyewe ni jirani yangu. Hapa Kakuma ninapouza chai na mandazi, mlango wangu unatazamana na wa Mama Ewoi, mwanamke wa Kiturkana anayeuza makaa. Mwanawe wa pekee, Ewoi, aliondoka wakati wa kiangazi akiswaga mbuzi wa nyumbani kuelekea mpaka wa Uganda kutafuta malisho. Mvua ikanyesha, wenzake wakarudi, yeye kimya. Simu yake haikupatikana tena. Kisha tukasikia kwamba huko mpakani kuna wachungaji waliovamiwa na mifugo yao kuchukuliwa, na tangu siku hiyo Mama Ewoi akaacha kucheka.

Tuliuliza kila aliyepita. Madereva wa malori hawakujua kitu, wala Wasomali wanaonunua mbuzi sokoni. Shemeji zake walianza kumwambia avue shanga zake za shingoni, kama wafanyavyo waliofiwa. Alikataa katakata. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kikongomani, kila asubuhi alikuwa akimwambia, "Mama, musichoke kuomba," mpaka siku moja akamjibu, "Kuomba hapa chini nimechoka. Mimi naenda juu."

Juu maana yake ni kikanisa cha mawe kilichoko kwenye milima ya Loima, karibu na chemchemi. Waumini wachache hupanda huko kila mwaka mvua zikiisha. Njia haina bango, na hata hapa Kakuma wengi hawajui kama ipo. Nilimwambia tutaenda wote. Nilisema hivyo kwa sababu nilimwogopea, si kwa sababu ya utakatifu wangu.

Lodwar tulifika mchana, jua likiwa kwenye hasira zake za kawaida. Tulilala kwa binamu yake, na alfajiri tukapata pikapu ya kwenda Lorugum, tukakalia magunia ya unga. Kila tulipoliona kundi la mbuzi, Mama Ewoi aligeuza shingo akalitazama mpaka likatoweka. 

Lorugum ndipo mahujaji wanapokutana. Tulikuwa kikundi kidogo, wengi wanawake, na kiongozi wetu alikuwa katekista Petro, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Aliyaangalia magoti yangu kabla ya kuniangalia usoni.

"Mama wa Taita, wewe utaweza hii mlima?"

"Baba, mimi nimezaliwa mlimani."

"Ya kwenu iko na baridi. Hii yetu itakukaanga kwanza, baridi utapata baadaye."

Alisema kweli. Asubuhi tulifuata laga, ule mto mkavu ambao huku ndio barabara ya kila mtu, mchanga ukitunyonya miguu. Tulisali rozari tukitembea, na mimi nilikuwa nikiruka mafumbo kwa kukosa pumzi, Mungu anisamehe. Baada ya laga tukaanza kupanda kwenye mawe. Miiba ikapungua, majani yakaongezeka, na upepo ukaanza kuwa na ubaridi kidogo. Nilianza kunusa kwetu, machozi yakanilenga.

Saa za mchana tulipumzika penye kivuli cha ukingo wa mwamba. Hapo ndipo tulipokutana na mchungaji akishuka na kundi lake, kijana mwenye mabega mapana, blanketi begani na fimbo mkononi. Mbuzi wakatuzunguka wakitafuna chochote, hata kamba ya mkoba wangu. Mama Ewoi alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Ile ya majivu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yenye pua nyeupe. Hiyo ni yetu."

Nikatazama. Ni kweli palikuwa na mbuzi jike wa rangi ya majivu, pua nyeupe, sikio la kushoto limekatwa ncha mara mbili. Nimekaa Turkana miaka ya kutosha kujua kwamba mkato wa sikio ni kama jina la ukoo, na kwamba mama mwenye mifugo hawezi kumsahau mbuzi aliyemkamua. Mbuzi wa Ewoi kwenye kundi la mtu mwingine! Nilikwisha kumzika kijana wa watu hapo hapo kichwani mwangu. Nikataka kusimama nimuulize yule mchungaji kampata wapi.

Mama Ewoi akanivuta nikae. "Nyamaza. Ukiuliza hivyo, umemwita mwizi."

"Na kama ni mwizi kweli?"

"Kama ni mwizi, sisi tuko wanawake huku mlimani. Na kama si mwizi, umeharibu. Keti."

Jamani, sijawahi kukaa kitako kwa uchungu kama siku ile. Katekista akaanza. "Ejoka?" "Ejok-nooi." Wakasalimiana, wakaulizana majani yakoje, maji yakoje, mvua ilifika wapi, nani amehama na nani bado yupo. Mama Ewoi akamwomba kijana tumbaku. Akapewa. Akaitafuna taratibu, akalalamika kwamba ni kavu. Kijana akacheka akasema jina lake Lomuria, na kwamba tumbaku nzuri iko kwa watu wa mjini wanaouza makaa. Hata hilo halikumtoa Mama Ewoi kwenye utaratibu wake. Mimi nilikuwa nikitafuna ncha ya kanga yangu. Sisi kwetu tungekuwa tumeshauliza, tumeshapigana na tumeshapatana.

Mwishowe akasema, kama mtu anayesifia tu, "Mbuzi zako zimeshiba. Hata ile ya majivu ni mzuri."

Lomuria akageuka akamtazama yule mbuzi, akatabasamu. "Hiyo ni ya rafiki. Alinipatia mwenyewe."

Kwa wasiojua: huku, rafiki wa kweli ni yule mliyepeana mnyama. Maneno matamu kila mtu anayo, lakini mbuzi hutolewa kwa mtu ambaye utamwomba na atakuomba mpaka uzee. Mnyama aliyeibwa hakuna anayemwita wa rafiki. Hayo nilieleweshwa baadaye. Pale nilimwona tu Mama Ewoi akiacha kutafuna.

"Rafiki wa wapi?"

"Wa Kakuma. Alianguka kwa mawe huko ng'ambo, akavunjika mguu. Simu yake ikapasuka. Wenzake walikuwa mbele, hawakuona. Mimi nilimbeba mpaka kwetu, tukamfunga vijiti. Yuko kwa mama yangu na mbuzi zake zingine, anakunywa maziwa yetu yote."

Nilipiga kelele. Nisingeweza kujizuia, na sikuona aibu. Lakini Mama Ewoi aliinua mkono kuninyamazisha, kwani alikuwa bado na swali.

"Huyo rafiki yako," alimuuliza, "akilala, analala aje?"

Lomuria akaangua kicheko. "Huyo? Hakuna mtu analala karibu na yeye! Anaita mbuzi kwa usingizi, moja moja, na majina. Mama yangu amemhamisha nje."

Ndipo Mama Ewoi akajifunika uso kwa shuka, mabega yakamtetemeka, na wote tukajua kwamba mwenye mtoto amempata mtoto wake. Katekista alivua kofia. Lomuria alitutazama mmoja mmoja, hajui amesema nini, mpaka alipoelezwa, naye akakaa chini kama aliyekatwa miguu. "Wewe ndio mama ya Ewoi?" alisema. "Yeye anakutaja mpaka tumechoka."

Mama Ewoi alitaka kwenda saa ile ile. Lomuria akakataa kwa upole: kwao ni ng'ambo ya mgongo wa mlima, njia ni ya mbuzi, na jua lingetuchwea katikati. Akaahidi kumleta Ewoi kwa punda mpaka penye mwamba ule ule, tukishuka atukute hapo. Nilimshauri Mama Ewoi tungoje papo hapo. Kilichotupandisha si tulishakipata?

"Hapana," alisema akijifunga shuka vizuri. "Nimejibiwa kabla ya kuuliza. Nikirudi sasa, Mungu atasema huyu mwanamke anajua njia ya kuomba tu, ya kushukuru haijui."

Kutoka hapo nilimwona mgongo tu. Alipanda kama binti, akiimba, na mimi nikiburura magoti yangu nyuma pamoja na katekista, ambaye sasa alikuwa anaona huruma kunicheka. Mitarakwa ikaanza, miti mirefu yenye ndevu za kijani, na ukungu ukatupokea. Lile joto la Lodwar likawa kama hadithi ya kusimuliwa.

Kikanisa tulikifikia kabla ya giza. Ni chumba kidogo cha mawe, paa la bati, msalaba wa mti uliopinda kidogo kulia. Hakuna zaidi. Mlezi wa mahali hapo, bibi mmoja mwenye sweta kuukuu, alitupa chai ya moto yenye sukari ya kutosha watu wa harusi, akatuuliza tumeleta maombi gani mwaka huu. Kila mtu alisema lake. Zamu ya Mama Ewoi ilipofika, akasema, "Mimi sina. Nimekuja kusalimia."

Bibi akamtazama, akacheka. "Basi karibu. Wa kusalimia hawaji sana."

Kesho yake, baada ya sala, tulianza kushuka. Nitawaambia ukweli: wasiwasi ulinirudia. Ahadi ya njiani ni ahadi ya njiani, na mimi naamini nikishaona. Mama Ewoi naye alikuwa anatembea akitazama chini. Tulipokaribia ule mwamba sikutaka kuwa wa kwanza kuangalia, nikajifanya nafunga kiatu.

Nikasikia katekista akisema, "Asante Yesu."

Punda alikuwa amesimama kivulini, na juu yake Ewoi, amekonda, mguu umenyooshwa kama mwiko, vijiti na kamba tele. Lomuria alikuwa ameshika kamba ya punda. Mimi nilikimbia, ndiyo, mimi mwenye magoti, nikamkumbatia kijana wa watu mpaka punda akalalamika. Mama Ewoi hakukimbia. Alimsalimia Lomuria kwanza, akamuuliza mama yake hajambo, mbuzi hawajambo, maji yapo. Yote hayo machozi yakimshuka na sauti yake haitetemeki. Ndipo akamgeukia mwanawe.

"Hii mbuzi ya majivu ulipeana, uliuliza nani?"

Ewoi akainamisha kichwa. "Mama, huyu alinibeba."

"Alikubeba mlima yote?"

"Yote."

"Mgongoni?"

"Mgongoni, Mama."

Mimi nilikwenda Loima nikidhani kwamba mtu hupanda mlima ili apewe. Nimeshuka na somo lingine, na aliyenifundisha ni huyu muuza makaa, aliyekuwa amesimama mbele ya mwanawe mikono kiunoni, anataka kugomba na kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mtu anakubeba mlima yote," alisema, "na wewe unampatia mbuzi moja?"