Kaa la Moto Chini ya Kanga

Pale Makorora, harusi ya kusifiwa ilikuwa ile ambayo udi wake ulitoka jikoni kwa Bi Semeni. Aliupika mwenyewe: vipande vya udi, marashi, mafuta mazuri, na sukari aliyoiunguza mpaka ikawa nyeusi. Siku alipoambiwa kliniki kwamba ana kisukari, alirudi nyumbani akicheka.

"Sukari ndiyo inayonilisha," alimwambia Sabra, binti yake wa pekee. "Itaniuaje?"

Vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya. Siku alizojisikia vizuri vilikaa kabatini, akanywa maji ya mdalasini, na chai akaitia sukari "kidogo tu, ya kuondoa ukakasi." Miaka ikaenda hivyo. Miguu ikaanza kufa ganzi. Alitoka uani na ndara mbili, akafika barazani na moja, ya pili imemvuka njiani na yeye hana habari. Watu walicheka, naye akacheka nao.

Asubuhi ya harusi ya Sabra, Bi Semeni alisimama chumbani akijifukiza, chetezo cha makaa kati ya miguu, kanga mbili zimemfunika hadi chini ili moshi usipotee. Sabra alikuwa kitandani, mikono imejaa hina mbichi, hawezi kugusa kitu. Shangazi yake, Mwanatumu, akaingia pua juu.

"Wifi we! Udi wa leo umeupikia mishikaki?"

"Nenda zako na njaa yako! Pilau haijainjikwa, wewe ushanusa nyama."

Wakacheka wote. Mwanatumu alipotoka, Bi Semeni akafunua kanga aongeze udi, na Sabra akaona. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye chetezo, limetulia juu ya mguu wa mama yake, karibu na vidole, na ngozi inaungua.

"Mama! Mguu!"

Bi Semeni akautazama kama mguu wa mtu mwingine. Akalishika kaa kwa koleo, polepole, akalirudisha chetezoni.

"Nyamaza, watasikia. Haliniumi, mwanangu. Lisiloniuma mimi linakuliza nini wewe?"

"Twende hospitali."

"Na bwana harusi tumwambie arudi lini? Nitakwenda shughuli ikipita, inshallah."

Sabra akakubali. Alijiambia kwamba jeraha lisilouma ni jeraha dogo.

Baada ya harusi, mumewe, Rahimu, aliyekuwa na duka Horohoro, huko mpakani, akamchukua wakaishi huko. Kila Sabra alipopiga simu, mama alisema amepaka asali, pamefunga. Ila sauti yake ilikuwa imechoka, na siku moja Sabra akaja bila kutoa habari. Udi ulimpokea tangu nje, mzito, kama mna harusi nyingine ndani. Vyetezo viwili vilikuwa vikifuka, na mama yake amekaa katikati, shuka limemfunika miguu.

"Shikamoo, mama. Mbona udi wote huu?"

"Marahaba. Nimejisikia tu."

Lakini ndani ya udi ule mlikuwa na harufu nyingine. Sabra akafunua shuka. Vidole vilikuwa vyeusi, na weusi umeshapanda hadi kifundoni.

Hospitalini, daktari hakumkaripia. Alieleza kwa upole kwamba sukari iliyoachwa juu miaka mingi imeua hisia za miguu na kuziba mishipa ya damu. Ndiyo maana moto haukumuuma na kidonda hakikupona. Macho yameguswa, na figo pia. Mguu ukatwe leo, kabla sumu haijaenea kwenye damu.

"Nitasimamaje kuswali?" Bi Semeni akauliza.

"Utaswali umekaa, mama," Sabra akasema. "Mwenyezi Mungu anaijua dharura."

"Anaijua. Lakini mimi nataka kusimama mbele Yake mara ya mwisho kwa miguu yote miwili. Kesho wakate."

Hakuna aliyeweza kumgeuza. Jioni ile Sabra alimshika kiuno, mama akaswali amesimama, rakaa zote. Alfajiri homa ilikuwa imempanda, hamtambui mtu. Walimkata mbiombio, na hakuamka tena. Kwa Mwenyezi Mungu tumetoka, na Kwake tutarejea.

Waoshaji walipomaliza, Sabra aliomba aifukize sanda yeye. Akakileta chetezo kilekile, akatia makaa na kipande cha mwisho cha udi aliopika mama yake. Kucha zake bado zilikuwa na hina ya harusi. Mwanatumu na mwanamke mwingine wakaitandaza sanda juu ya moshi.

"Inueni," Sabra akasema.

Wakainua.

"Inueni zaidi."

"Yatosha, mwanangu. Moshi hautaifikia."

"Inua, shangazi. Kaa lisije likaigusa, likamuunguza mama. Hatasikia."

 Mwanatumu akanyanyua mikono kadiri ilivyofika, akaishikilia sanda huko juu mpaka udi ukaisha.