Sauti Kwanza, Halafu Mkono

Juzi, katika duka moja hapa Ilford, mashariki mwa London, nilifungua kopo la mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, ambayo siku hizi watu wa mjini wanajipaka mikononi. Harufu yake ilinirudisha moja kwa moja sebuleni kwa Profesa, aliyejipaka mafuta hayo hayo.

Mama alikuwa akimhudumia mzee huyo nyumbani kwake, na shule zikifungwa alikwenda nami, maana hakuwa na mtu wa kubaki nami. Profesa alikuwa Mskoti, mtoto wa mchunga kondoo. Alisomea udaktari wa mifugo, akaufundisha Kenya miaka mingi, kisha akamalizia kazi chuoni London. Kiswahili alikiokota zizini kwa wafugaji, na kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi mzaliwa wa Ilford nilimjibu kwa Kiingereza, naye akajifanya kiziwi mpaka nibadilishe.

Mkono wa kochi lake ndio uliokuwa ng'ombe wangu wa mafunzo. Nikiusogelea kimya kimya, alinirudisha mlangoni.

"Umeshapigwa teke, Neema. Rudi. Sauti kwanza, umwambie unakuja kufanya nini. Halafu mkono, begani, na utulie hapo mpaka naye atulie."

Basi nikawa naliambia kochi, "Pole mama, nakuja kukupima joto," huku nikisugua viganja vipate moto kama alivyoniagiza. Ng'ombe nilikuwa nimemwona kwenye pakiti ya maziwa tu. Mama alicheka hadi akamwaga chai. Profesa hakucheka.

"Na wewe, Mama Neema, umesikia?"

"Nimesikia, Profesa."

Baadaye akili yake ilianza kumtoka. Akaisahau Kenya, akanisahau na mimi, na hilo liliniuma sana. Wahudumu wa zamu nyingine walipomshika ili wamwogeshe, alipiga mayowe na kurusha ngumi. Mpwa wake akasema hakuna budi apelekwe kwenye makao ya wazee, ingawa mzee alikuwa ameomba afie nyumbani mwake. Mama alimsihi mpwa amwache ajaribu yeye kwanza.

Asubuhi hiyo nilisimama mlangoni na mpwa, roho mkononi. Mama alisugua viganja vyake.

"Profesa, ni mimi, Mama Neema," alisema akiwa bado mbali. "Nakuja kukuosha uso."

Akasogea, akamwekea mkono begani, akatulia. Mabega ya mzee yalishuka polepole, kisha akamwinulia uso wake. Wahudumu wote wakafundishwa hivyo, na Profesa akabaki kwake hadi alipofariki.

Miaka nenda miaka rudi niliwasimulia watu jinsi Mama alivyokuwa mwerevu kukumbuka mchezo wetu wa ng'ombe. Nilikuwa mtu mzima wakati Mama aliponiambia kwamba siku zile za kochi, Profesa alikuwa tayari ameambiwa na daktari ni ugonjwa gani unamjia. Alijua itafika siku ataiogopa mikono yetu, akatuonyesha mapema jinsi ya kumshika.