Darlene Acheke Kidogo

Mwenyekiti wa kamati ya nyumba yetu hapa Winnipeg, nyumba ya wanawake tuliowatoroka wanaume waliokuwa wakituuza, huingia kichwa kakiinamisha upande, sauti ya matangani. Anakukumbatia bila kukuuliza, anakupapasa mgongo utadhani paka mgonjwa. Juzi alikuja na mpiga picha, akamkuta Darlene jikoni akicheka hadi machozi, maana amefaulu mtihani wa kuendesha basi.

"Mwanangu, punguza kucheka. Wafadhili watajuaje kwamba uliteseka?"

"Basi upigwe picha wewe, mama," Darlene akamjibu. "Mwenye huzuni humu ni wewe tu."

Mpiga picha akampiga Darlene picha vilevile, meno yote nje. Tumeitundika sebuleni. Nyuma yake mwenyekiti anaonekana vizuri, kanuna kwelikweli.