Zahanati Mbili Zisizo na Bati

Diwani wetu hajui hesabu, ila kwa kutuchezesha sisi ni profesa.

Kitongoji chetu cha Wandamba wakulima wa mpunga na kile cha Wasukuma wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa vinatenganishwa na mfereji tu. Zahanati hakuna. Mwanangu nilimfikisha Ifakara kwa bodaboda amekakamaa kwa degedege, na njiani tulishuka mara mbili kuisukuma kwenye tope.

Diwani akaja kwetu: "Pandisheni kuta kwa nguvu zenu. Mkifika linta, juu ya milango na madirisha, bati juu yangu." Tukampigia vigelegele. Jioni ileile akavuka mfereji, akawaambia wafugaji maneno yaleyale. Huko alichinjiwa mbuzi.

Tukafyatua matofali kama vichaa. Wao wakipandisha kozi mbili za ukuta, sisi tatu. Eneo zuri la mwinuko liko upande wao, lakini wazee wetu walisema heri zahanati isimame majini kuliko kwa wageni. Ikasimama majini kweli. Masika yalipoingia, vyura walitibiwa bure.

Tulipofika linta, diwani akakuna kidevu. "Nikiwapa ninyi, wenzenu watanuna. Wasubirini." Nao wakafika linta. "Sasa bati ni la jengo moja, nanyi mko wawili. Nimpe nani?" Uchaguzi ukaja, ukapita. Vitongoji vyote vikampa kura, kila kimoja kikihofia kwamba kikimnyima, mwenzake ndiye atakayepewa bati.

Nilikuja kuelewa kwenye semina mjini, nilikopelekwa kwa sababu nina kidato cha nne na najua kuandika muhtasari. Mwezeshaji alieleza nadharia ya michezo: wezi wawili wamewekwa vyumba tofauti, kila mmoja anaambiwa akimchoma mwenzake kwa polisi ataachiwa. Wanachomana, wote wanafungwa. Watu wakacheka. Nikasimama.

"Samahani, mwalimu. Wezi walau waliiba. Sisi tumeiba nini?"

Akasema tutalijadili baada ya chai. Chai ilikuja na sambusa, jibu halikuja.

Kesho yake nikavuka mfereji mpaka kwa mama anayeongoza kamati yao ya ujenzi.

"Karibu, Mndamba. Umefuata maziwa au ugomvi?"

"Nimefuata akili zenu, kama ng'ombe hawajazila."

Akacheka, akanipa kigoda. Nikamwambia tubomoe la kwetu, matofali yaongezwe kwao, kamati iwe moja.

"Na tukishamaliza mkatugeuka, mkasema ni zahanati ya Wasukuma?"

"Watasema. Ndiyo maana naanza mimi."

Jumamosi nilibomoa tofali la kwanza la ukuta wetu mbele ya baba mkwe wangu. Aliniita msaliti, akaapa hatakula ugali wangu. Mchana alikula. Wanawake sita wakanifuata, halafu kumi, na wenzetu wakaleta mkokoteni wa ng'ombe.

Diwani alifika mbio, jasho linamtiririka. "Jamani, nani kawatuma?" Tukampa barua yenye sahihi za vitongoji vyote viwili: bati kwanza, kura baadaye. Akaisoma, akatabasamu, akaomba azungumze nasi kitongoji kimoja kimoja, faragha.

"Sema hapahapa, mheshimiwa," yule mama akamjibu. "Sisi masikio ni yaleyale."

Akakumbuka ana kikao Kidatu.

Bati bado. Lakini chumba cha kujifungulia kimeongezwa kwa matofali yetu, na tangu siku ile diwani amepiga simu mara nne kuuliza kama tuna shida yoyote.